Swichi ya moduli: hesabu njia kabla ya poti

Anayenunua kwa mara ya kwanza swichi ya moduli, yaani kifaa cha kuunganisha mtandao kinachojengwa kwa kadi za kuchomeka, huhesabu poti (matundu ya nyaya), akaridhika. Swali la maana ni jingine: kadi moja inafikia nyingine kupitia wapi, na njia hiyo ina upana gani?

Chasisi ni boksi la chuma lenye sloti. Ndani mna bodi ya nyuma ambako kadi huchomekwa, na kwa kawaida bodi hiyo haina akili yoyote, ni njia za shaba na pini tu. Pini moja ikipinda, huenda ukalazimika kubadilisha chasisi nzima. Kadi ikigoma kuingia, usiisukume. Itoe, mulika sloti kwa tochi, kisha uirudishe ikiwa imenyooka kwenye reli zake.

Supavaiza, kadi inayoongoza swichi nzima, ndiyo ubongo. Katika Catalyst 9407R, swichi ya Cisco, sloti za 3 na 4 ni zake peke yake, kwa hiyo chasisi ya sloti 7 inakuachia kadi 5 za poti. Ukiweka supavaiza mbili, hakikisha zina toleo moja la programu. Yakitofautiana, ile ya akiba huenda isilandane kikamilifu na ya kwanza, na utaligundua hilo siku mbaya kuliko zote.

Sasa ile njia. Kwenye Catalyst 9400, pakiti zote (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni) hupitia supavaiza, hivyo uwezo wa kila sloti hutegemea supavaiza uliyofunga. Nexus 9500, nayo ya Cisco, ina moduli tofauti za kuunganisha kadi, zilizo nyuma ya feni. Moja ikifa, upana hupungua bila kazi kusimama. Piga hesabu: kadi ya poti 48 za gigabiti 10 kwa sekunde inahitaji gigabiti 480. Sloti ikiwa na 240, uwiano ni 2 kwa 1. Kwa kompyuta za ofisini hakuna atakayelalamika. Kwa seva zinazonakili data usiku kucha, pakiti zitadondoka huku taa za poti zote zikiwaka kijani.

Umeme nao huwaumbua wengi. Poti 48 zikitoa wati 30 kila moja kwa simu na kamera, hizo ni wati 1,440 kwa kadi moja, kabla ya kadi yenyewe kula chake. Pawa saplai moja ya ziada hukulinda moja ikiungua tu. Laini nzima ya umeme ikikatika, utahitaji nusu ya pawa saplai kwenye laini nyingine, na nusu hiyo iweze kubeba mzigo wote.

Trei ya feni usiichomoe kabla mbadala haujawa mkononi, maana swichi nyingi hujizima joto likipanda. Na sloti tupu zifunikwe kwa vibao vyake: hewa hufuata njia rahisi, ikapita kwenye uwazi na kuziacha kadi zikiungua kando.