Nilivyoizunguka Grand Turk na mama yangu kwa kigari cha gofu

Meli za kitalii zikifunga gati Grand Turk, kisiwa kidogo cha upande wa Karibi, abiria wengi hawavuki hata geti la bandari. Siwalaumu. Ukishuka tu unakutana na ufukwe mweupe, bwawa la kuogelea, maduka na muziki, vyote vimepangwa kwa ajili yako tangu gati hilo lilipofunguliwa mwaka 2006. Unaweza kushinda pale hadi meli ipige honi, ukarudi kwako ukisema umefika visiwa vya Turks na Caicos. Lakini mimi nilikuwa na mama yangu, na mama hakutoka Bagamoyo kuja kunisalimia Marekani ili alazwe kwenye kiti cha plastiki atazame watu wakijipaka mafuta. Hayo maneno ni yake.

Tulikuwa watatu: mama, mimi, na mwanangu wa kiume wa miaka kumi na mbili, ambaye bibi yake humwita "mume wangu" na yeye keshazoea. Tulipanda meli Port Canaveral, Florida. Magoti ya mama hayataki tena mwendo mrefu, na ziara za basi zinazouzwa melini zina tabia ya kukushusha dakika kumi, piga picha, panda. Nilitaka chombo tunachoweza kukisimamisha popote. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita kama 11 na upana usiozidi kilomita mbili na nusu, kwa hiyo kigari cha gofu kinatosha kabisa kukimaliza na bado mkarudi mapema.

Nilikodi kabla ya safari, nikalipa sehemu tu ya pesa, nyingine nikamalizia pale pale kwa dola za Marekani, ambazo ndizo fedha za visiwa hivyo. Chini ya dola mia moja kwa viti vinne, siku nzima. Wanachotaka ni leseni ya udereva na kadi ya benki ya kushikilia dhamana. Kabla sijakaa kwenye usukani nilikizunguka kigari na simu mkononi, nikapiga picha kila mkwaruzo, tairi zote nne na geji ya mafuta. Yule kijana mwenye vigari alicheka, akasema wanaofanya hivyo ni wachache. Nikajaribu breki mara mbili palepale uwanjani. Hiki chetu kilikuwa cha petroli; kama wewe unapewa cha betri, uliza kimechajiwa saa ngapi, kwa sababu mnara wa taa uko mwisho kabisa wa kisiwa na hakuna anayetaka kusukuma kigari juani.

Jambo linalowatia hofu Wamarekani ni kwamba kule watu hupita kushoto. Turks na Caicos ni eneo la ng'ambo la Uingereza, hivyo barabara zake ni kama zetu. Mimi niliyejifunza gari Dar es Salaam nilijiona niko nyumbani, ila kuna kitu cha kuzoea: usukani wa kigari nao uko kushoto, kama gari la Marekani. Maana yake dereva unakaa upande wa ukingo wa barabara, na anayepishana uso kwa uso na malori ni abiria wako. Abiria wangu alikuwa mama. Kila gari lilipokuja alishika nguzo na kuniambia, "Mwanangu, banana na majani huko." Nilikuwa nimeshabanana na majani kitambo.

Ushauri ninaowapa wote ni huu: anzeni na mbali. Tulipita mjini bila kusimama, tukaenda moja kwa moja kaskazini, ili mwendo wa kurudi uwe wa kuikaribia meli badala ya kuikimbia. Njiani tulikuta punda. Wanazurura kisiwani humo bila mwenyewe, barabarani, makaburini, mbele ya maduka, na hawakupishi hata ukipiga honi. Unazima, unasubiri. Mwanangu alitaka kuwalisha biskuti, bibi yake akamkataza: "Mume wangu, punda akishajua mfuko wako una chakula, mtaondoka naye hadi melini."

Mnara wa taa ni wa mwaka 1852, wa chuma, vipande vyake vilitengenezwa Uingereza vikaja kuunganishwa hapa kwa sababu meli zilikuwa zikivunjika kwenye miamba ya upande huo. Mnara si mrefu. Cha kuona ni bahari: ukisimama kwenye mwinuko ule unaona maji ya kijani yakikatika ghafla kuwa buluu iliyoiva, kama nguo mbili zilizoshonwa pamoja. Upande wa magharibi wa kisiwa, mita mia chache tu kutoka ufukweni, ukuta wa matumbawe unateremka zaidi ya mita 2,000. Ndiyo sababu wapiga mbizi wanakisifu, na ndiyo sababu meli kubwa vile inaweza kusogea karibu hivyo na nchi kavu. Tulikaa nusu saa, tukanywa maji yetu, tukageuza.

Tulipoingia Cockburn Town, makao makuu ya visiwa, ndipo mama alipoipata siku yake. Nyuma tu ya nyumba za mjini kuna mabwawa mapana, yamegawanywa kwa kuta za mawe zilizobomokabomoka, maji yake ya rangi ya udongo yana povu jeupe pembeni. Watalii wengi hupita wakidhani ni vinamasi. Harufu ilipotufikia, mama akaniambia, "Simama." Nikasimama. "Haya ni majaruba ya chumvi."

Mama alikulia upande wa Saadani, na usichana wake wote ulikuwa kuvuna chumvi na mama yake mdogo. Basi kuanzia hapo kigari kikawa darasa. Alituonyesha mahali maji ya bahari yalipokuwa yakiingizwa na mabaki ya vilango vya mbao vya kuyafungia. Maji hukaa kwenye bwawa la kwanza yakipigwa na jua na upepo. Yakianza kuwa mazito yanahamishiwa la pili. Yakifika la mwisho, lenye kina kidogo, chumvi inaganda chini na watu wanaingia kuikwangua na kuirundika. Akamuuliza mjukuu wake upepo unatoka wapi. Yule akalowesha kidole, akaonyesha mashariki. "Sasa kama upepo hauishi hivi, na mvua ni haba hivi, utafanya kazi gani nyingine?" Kisiwa hakina mto hata mmoja, watu walikunywa maji ya mvua waliyoyakinga kwenye matangi. Vinu vya upepo vilisukuma maji kutoka bwawa hadi bwawa, na punda walivuta mikokoteni ya chumvi hadi pwani. Wale tuliowakuta barabarani ni vizazi vya hao.

Walioianzisha kazi hiyo ya chumvi ni watu wa Bermuda, katika karne ya 17. Chumvi ilipakiwa kwenda Amerika ya Kaskazini kukaushia samaki, na sehemu ya samaki hao ikarudi Karibi kuwa chakula cha watumwa mashambani. Biashara ilidumu hadi katikati ya karne ya 20. Nembo ya zamani ya visiwa ilichorwa malundo mawili ya chumvi, na inasimuliwa kwamba mchoraji mmoja Uingereza aliyaona akadhani ni nyumba za barafu za Waeskimo, akaliongezea lundo moja mlango mweusi. Mlango huo ukabaki kwenye nembo miaka na miaka. Mwanangu alicheka mpaka akakohoa.

Kisha nikawasimulia habari za Mary Prince, ambazo nilizisoma nikijiandaa kwa safari. Alizaliwa utumwani Bermuda karibu mwaka 1788, akauzwa na kuletwa hapa Grand Turk mwanzoni mwa karne ya 19, akafanya kazi kwenye mabwawa haya haya kwa miaka kama kumi. Baadaye alifika London, na simulizi yake, iliyochapishwa mwaka 1831, ilikuwa ya kwanza kutolewa Uingereza ikiwa ni maisha ya mwanamke mweusi. Alieleza walivyoamshwa alfajiri na kusimama kwenye maji ya chumvi siku nzima, chakula chao mahindi ya kuchemsha, miguu ikatoka majipu yaliyokula nyama hadi kwenye mfupa.

Mama hakusema kitu kwa muda. Halafu akavua kiatu, akatuonyesha kovu juu ya kifundo cha mguu ambalo mimi nimeliona maisha yangu yote nikidhani ni la kuungua. "Sisi tulikuwa tunapaka mafuta ya nazi kabla ya kuingia," akasema, "na tulikuwa tunatoka tukichoka. Huyo nani angemruhusu atoke?" Hapo tulikaa kuliko mahali popote, kuliko hata mnara, na hakuna kibao wala kiingilio.

Mjini ni padogo na ni pa kwenda polepole. Barabara za Front na Duke zina nyumba za mtindo wa Bermuda, kuta fupi za chokaa, na mti hapa na pale. Jumba la makumbusho liko kwenye nyumba ya kale iitwayo Guinep House. Ndani kuna mabaki ya meli ya Wazungu iliyozama mwanzoni mwa miaka ya 1500. Nenda. Kisiwani humo usimwulize mtu njia kabla hujamsalimia. Mama, ambaye Kiingereza chake ni cha salamu tu, alipendwa kila mlango, kwa kuwa salamu ndiyo aliyokuwa nayo. Chakula cha mchana tulikula kwa mama mmoja barabarani: samaki wa kukaanga, na mahindi yaliyosagwa nusunusu yakapikwa na mbaazi. Mama alionja, akasema makande haya hayajaiva vizuri, akamaliza sahani.

Njia ya kurudi inapita karibu na uwanja wa ndege, na pale umewekwa mfano wa chombo cha John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia angani. Tarehe 20 Februari 1962 aliizunguka mara tatu, akatua baharini, kisha akaletwa Grand Turk kupimwa na kuhojiwa kwenye kambi ya Wamarekani. Mwanangu alijua hayo yote shuleni. Asichojua ni kwamba Glenn alipokuwa akipita juu ya Afrika Mashariki, kituo alichoongea nacho kwa redio kilikuwa Unguja, Tunguu. Kilikuwa kimoja cha vituo vya kufuatilia safari hizo, na kulikuwa na Wazanzibari waliokipinga kwa maandamano; baada ya Mapinduzi ya 1964 kikaondolewa. "Tunguu ya kwa shangazi?" akauliza mama. Tunguu hiyo hiyo. Akakitazama kile chombo upya, akauliza mtu aliingiaje mle na miguu yake.

Tulikirudisha kigari saa nane na nusu mchana, wakati meli ilikuwa inataka watu wote ndani saa kumi. Weka nafasi kama hiyo, maana vigari vyote hurudi kwa wakati mmoja na foleni ya kukaguliwa inakuwa ndefu. Kijana alitazama tairi na geji, nikamwonyesha picha zangu kabla hajauliza, dhamana ikaachiwa. Dukani bandarini wanauza chumvi ya visiwa kwenye vifuko vidogo vyenye utepe. Mama alisoma bei, akanirudishia kifuko bila neno.

Kwa wenye wazazi watu wazima, gati la Grand Turk ni refu na halina kivuli, na ni afadhali kuomba kiti cha magurudumu mapema kwenye dawati la wageni melini. Asubuhi mama alikikataa, akasema hajawa mgonjwa. Alasiri alikaa mwenyewe, akamwagiza mume wake asukume.