Nilivyoigiza, nikaimba na kuchora bila kuacha hata kimoja

"Chagua kimoja." Nimeambiwa hivyo hadi nimechoka. Aliyenikera kuliko wote ni mwongozaji aliyenitamkia mbele ya wenzangu kwamba mshika mawili moja humponyoka. Mimi nilishika matatu, na miaka tisa baadaye yote ninayo.

Mwigizaji Richard Chamberlain alisomea uchoraji chuoni Marekani kabla ya kuigiza daktari kijana, Dr. Kildare, katika tamthilia ya televisheni, 1961 hadi 1966. Mwaka 1962 akaimba wimbo wa tamthilia hiyohiyo ukaingia kumi bora, na 1969 akasimama jukwaani Birmingham, Uingereza, kama Hamlet, mwanamfalme wa tamthilia ya Shakespeare. Nani angemwambia achague?

Mwanzoni nilikwama kweli, ila si kwa sababu aliyoitaja yule bwana. Usiku nilichora kwa rangi ya mafuta, madirisha yamefungwa, kopo la tapentaini liko wazi mezani nikisuuzia brashi. Asubuhi nikijaribu kuimba, sauti za juu hazitoki, koo linakwaruza. Ni uchovu, wakasema. Kunywa maji ya vuguvugu, acha kuimba mpaka tamthilia iishe. Nikatii miezi mizima, hakuna nafuu. Kisha tukaenda kurekodi mbali wiki mbili, sikugusa rangi hata siku moja, na sauti ikarudi safi kama kengele. Kumbe ulikuwa mvuke wa tapentaini! Hakuna aliyewahi kuniuliza usiku navuta hewa gani.

Nikahamia akriliki, rangi inayochanganywa na maji. Hukauka upesi mno, kwa hiyo anga ya jioni nilijifunza upya: nalowesha turubai ya kuchorea kwanza, kisha nachanganya rangi hapohapo kabla haijashika.

Sauti naipasha moto kwa mrija wa kunywea: naupulizia huku naguna wimbo, ndani ya chumba cha kuvalia, na jirani hasikii.

Kucha nazo zina kisa chake. Niliigiza daktari anayeshona jeraha, kamera ikavuta karibu kabisa, na chini ya kucha ya gumba kukaonekana mstari wa bluu. Kazi ilisimama nikisuguliwa. Tangu hapo, kabla ya kuchora nakwaruza mche wa sabuni kwa kucha zote kumi mpaka zijae. Rangi haipati pa kuingia, na nikinawa sabuni inatoka yenyewe.

Lakini ninachojivunia zaidi ni kadi. Tamthilia hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Asubuhi unamzika mke, mchana unamchumbia. Anayefuatilia mwendelezo anaangalia nguo na nywele, moyo unabaki juu yako. Basi nikisoma mswada, kila onyesho nalichorea kadi ndogo kwa rangi za maji. Sichori uso wala vitu, ni rangi tupu ya jinsi mhusika anavyojisikia. Nazipanga kwa mfuatano wa hadithi, na kabla ya kuitwa natazama ya onyesho langu na ile iliyotangulia. Mara moja najua ninatoka wapi.

Ya mazishi bado ninayo. Ni kijivu yote, na pembeni kuna doa la njano lililodondoka bila mimi kukusudia. Kaburini nililikumbuka, nikatabasamu kidogo kama mtu aliyemkumbuka mkewe akicheka. Mwongozaji hakulikata tabasamu hilo.