Siku moja maishani mwangu: mshauri wa masomo, Mbeya

Saa 12:30 asubuhi. Baridi ya Juni imetulia mjini na ukungu umeufunika mlima Loleza wote. Napanda daladala Mwanjelwa nikiwa nimejitanda kitenge juu ya sweta.

Saa 2:00. Kabla ya chai nasoma maswali ya usiku. Tangu muhula uliopita idara yetu ina chatboti ya akili mnemba, iliyolishwa mtaala na kanuni za mitihani. Wanafunzi huingia kwa namba ya usajili na wanajua kwamba mimi husoma. Mengi ni yale yale: sapu, yaani mitihani ya marudio, zinaanza lini, kozi za hiari ni ngapi. Nashukuru sana kupunguziwa hayo, maana zamani yalinimalizia asubuhi nzima.

Moja limenishika. Saa nane usiku kijana kauliza: "Nikiahirisha mwaka, bumu langu linapotea?" Bumu ni fedha ya mkopo ya kujikimu. Chatboti imempa utaratibu wa kuahirisha, hatua kwa hatua, bila kosa. Lakini nani anakesha akiwaza kuahirisha mwaka kama kwao ni shwari? Nampigia. Anasema atakuja jioni.

Saa 4:30. Binti wa mwaka wa pili anaingia, macho mekundu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba mwanangu, kaa."

Ananionyesha simu. Ameuliza chatboti nyingine, ile ya bure ya mtandaoni, ikamwambia GPA yake ya muhula, yaani wastani wa alama zake, ni 2.5. Kwetu hiyo ni daraja la "pass" tu, na ameshaanza kufikiria kubadili programu. Nachukua karatasi. Ana krediti (uzito wa kozi) 24 za B+ na 36 za C. Kwetu B+ ni pointi 4 na C ni 2: 96 kujumlisha 72 ni 168, gawanya kwa 60, unapata 2.8. Hiyo ni "lower second", daraja lililo juu ya "pass". Chatboti ilihesabu B+ kuwa 3.3, kwa kipimo cha Marekani kinachoishia 4, wakati chetu kinaishia 5. Haikumwuliza anasoma wapi. Narudia hesabu, safari hii kalamu anaishika yeye.

Saa 7:00. Wali, maharage, parachichi.

Saa 8:00. Kikao cha idara. Mwenzangu anataka chatboti ijibu kila kitu. Nakataa, na natoa mfano wa Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta. Mwaka 2016 walianza kutumia Pounce, chatboti ya ujumbe wa simu, ili waliodahiliwa wasipotelee njiani kabla chuo hakijafunguliwa. Ilijibu maswali zaidi ya 200,000 kiangazi hicho, na yaliyoishinda yalikwenda kwa watumishi. Hicho ndicho ninachokipigania: mlango wa kumfikia mtu. Tunakubaliana kwamba swali lolote la kuahirisha au kuacha masomo liniletee taarifa papo hapo.

Saa 10:15. Kijana wa usiku amefika. Baba yake kapooza upande mmoja, mama yuko peke yake na shamba la viazi kule Rungwe, na yeye ndiye mkubwa. Tunazungumza karibu saa nzima. Anachohitaji ni wiki mbili tu, na jaribio lililobaki linaweza kusogezwa. Namwandikia mhadhiri wa kozi mbele yake, kisha tunajaza fomu ya ruhusa.

"Ndaga fijo, Mwalimu," ananishukuru kwa Kinyakyusa.

Saa 11:30 namsindikiza hadi barabarani, awahi basi la Tukuyu.