Siku Daktari Alipouliza Kipya Ni Kipi

Daktari aliyetupokea Dar es Salaam mwaka 2014 alikuwa mdogo kwa mama yangu kwa miaka mingi, na kabla hajagusa faili alimwamkia shikamoo. Mama aliitikia marahaba, akaketi huku amemshika mdogo wangu mkono, maana mtoto alikuwa amekwisha kuiona feni ya mezani na alitaka kuiendea. Tulikuwa tumetoka Tanga na karatasi ya rufaa yenye jina moja tu la ugonjwa: skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na aamini yasiyo kweli. Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka 12.

Jinsi jina hilo lilivyofika kwenye karatasi inahitaji maelezo. Mdogo wangu hakutamka neno mpaka alipokaribia miaka minne, na alipoanza kusema, hakuanza na mama wala maji, bali matangazo ya vifo. Bibi alikuwa na desturi ya kuyasikiliza redioni kila jioni, na mtoto aliyashika neno kwa neno, pamoja na sauti ya mtangazaji na mahali anapovuta pumzi: fulani wa Korogwe anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mdogo, mazishi yatafanyika kesho saa saba mchana, habari ziwafikie fulani wa Moshi na fulani wa Lushoto. Aliyasema akioga, akila, na usiku akiwa peke yake uani. Hakumtazama mtu machoni, alipanga vizibo vya soda kwa rangi kandokando ya ukuta, na mtu akivuruga mstari alilia mpaka akatapika. Majirani walikuwa na maelezo yao, kwamba anazungumza na wafu.

Katika hospitali ya kwanza tabibu alimwuliza, "Unasikia sauti za watu?" Alijibu kwamba anasikia. Alipoulizwa watu hao wanasema nini, alitoa tangazo zima, jina la marehemu na saa ya mazishi vikiwemo. Mtoto mwenye usonji, yaani autizimu, hali ya tangu utotoni inayobadili namna mtu anavyowasiliana na wenzake, mara nyingi hulichukua swali kama lilivyotamkwa: nje ya dirisha palikuwa na foleni ya watu wanaoongea, na redio aliisikia kila siku, kwa hiyo alilojibu lilikuwa kweli. Tabibu aliandika skizofrenia, akampa vidonge vya haloperidoli, dawa ya ugonjwa huo. Haukupita muda shingo ya mtoto ikapinda upande mmoja, macho yakapanda juu yakakwama huko, na taya likakaza asiweze kumeza mate. Bibi alisema shetani amepanda, akaagiza ubani. Mama alimbeba mgongoni mpaka hospitali, na muuguzi wa zamu, Mungu ambariki popote alipo, alitambua kwa kumtazama tu kwamba ni madhara ya dawa, akaita daktari, akachomwa sindano na shingo ikalegea. Dawa ilisimamishwa, nasi tukapewa rufaa.

Yule daktari wa Dar es Salaam hakuuliza habari za sauti. Alisoma karatasi, akaigeuza kifudifudi juu ya meza, akasema, "Mama, nisimulie alivyokuwa kabla hajafikisha miaka mitatu." Mama alisimulia kirefu, na daktari hakumkatiza hata mara moja. Alieleza kwamba mtoto hakuwahi kunyoosha kidole kuonyesha kitu anachokitaka. Akiwa na kiu alimshika mtu kifundo cha mkono, akauvuta mkono huo mpaka kwenye mtungi na kuubandika juu ya kata, bila kumtazama mwenye mkono. Alieleza kwamba akiitwa jina hakugeuka, hata tukadhani ni kiziwi, ilhali redio ya jirani ikifunguliwa alitoka mbio. Nilikuwa nimeishi na mambo hayo yote, lakini sikuwahi kuyasikia yakiwekwa kwa mpangilio, moja baada ya jingine, na mtu akiyaandika kama mambo ya maana.

Ndipo daktari akauliza, "Sasa niambie, katika anayoyafanya leo, kipya ni kipi?"

Mama alinyamaza kwa muda. Kisha alisema jambo ambalo hata mimi hakuwa ameniambia kwa ukamilifu. Kwa miezi kadhaa, tangu kabla ya dawa ile, mtoto alikuwa amekataa chakula cha mkono wake, akisema kuna mtu wa ukutani anayemwambia kwamba kimetiwa sumu. Alikula ndizi na mayai ya kuchemsha tu, tena mayai aliyoyamenya mwenyewe. Vizibo vyake, ambavyo kwa miaka yote hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa, alivibomoa mwenyewe kwenye mstari na kuvishindilia kimoja kimoja ndani ya ufa wa ukuta wa chumbani. Mama alilisema hilo kwa sauti ya chini, kwa kuwa alimpikia mtoto huyo tangu anyonye, na kuambiwa kwamba anamtilia sumu kulikuwa kumemwumiza kuliko maneno ya majirani.

Daktari aliweka kalamu chini. Aliuliza kama habari ya mtu wa ukutani iliwahi kusikika redioni au kwa mtu yeyote nyumbani, na mama akasema haijawahi. Aliuliza kama mtoto anamwogopa mtu huyo, na mama akajibu kwamba siku hizi analala chini ya kitanda. Matangazo ya vifo, kwa upande mwingine, yalimtuliza. Tulijua amechoka au amekasirika kwa kusikia anavyoyaharakisha.

"Kwa hiyo, daktari, mwanangu ana lipi?"

Jibu lake lilikuwa la uangalifu. Usonji, alisema, upo bila shaka na umekuwapo tangu mwanzo. Kurudia matangazo ni sehemu yake, wala si dalili ya kichaa. Hili la ukutani ni jambo jingine, limeanza juzi, na halielezwi na usonji. Skizofrenia kwa mtoto chini ya miaka 13 ni nadra sana, hivyo kabla ya kuitaja ni lazima atazame kwanza kifafa, maambukizi ya ubongo na sababu nyingine. Aliandika vipimo, akaanzisha risperidoni, dawa nyingine ya kutuliza dalili kama hizo, kwa dozi ndogo, na kumwomba mama afungue daftari lenye safu mbili, ya siku zote na ya mapya. Mama akamwuliza kama basi wale wa kwanza walipatia. "Kama ndivyo itakavyokuwa," daktari alisema, "basi walilipata jina kwa dalili isiyokuwa yake, na ndiyo maana usonji hawakuuona."

Nilisomea uuguzi baadaye, na hapo nikaelewa kwamba mkanganyiko huo una historia ndefu. Eugen Bleuler, daktari wa akili wa Uswisi, mwaka 1911 alilitumia neno autizimu kueleza namna wagonjwa wa skizofrenia wanavyojifungia ndani ya nafsi zao. Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto, alipoandika juu ya watoto wake 11 wenye usonji huko Baltimore, Marekani, mwaka 1943, alilichukua neno lililokuwa tayari na maana hiyo. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, wa mwaka 1968, bado uliwaweka watoto wa namna hiyo chini ya skizofrenia ya utotoni. Mwaka 1971 Israel Kolvin na watafiti wenzake wa Newcastle, Uingereza, waliwalinganisha watoto ambao dalili zao zilianza kabla ya miaka mitatu na wale walioanza baada ya mitano, wakaona kwamba kusikia sauti zisizokuwepo ni jambo la kundi la pili. Mwongozo wa mwaka 1980 ukayatenganisha. Naamini walifanya vema, lakini baada ya hapo wengi walianza kudhani kwamba mwenye hili hawezi kuwa na lile, ilhali uchunguzi ulioanza mwaka 1990 katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani ulikuta kwamba takriban robo ya watoto wenye skizofrenia ya mapema walikuwa na usonji kabla ya ugonjwa huo kuwapata.

Vipimo vya mdogo wangu havikuonyesha kifafa wala maambukizi. Tuliporudi kliniki na daftari, safu ya mapya ilikuwa imejaa sana kuliko tulivyotarajia, na daktari aliandika majina yote mawili. Ilichukua majuma mengi ya dawa kabla hajakubali ugali wa mama, na uzito wake uliongezeka haraka, jambo ambalo daktari alilifuatilia kwa mizani kila tulipokwenda.

Mwaka uliofuata alipokewa katika kitengo cha elimu maalumu cha shule moja ya msingi mjini Tanga. Mwalimu alikwisha kufundisha watoto wenye usonji. Lililomtia wasiwasi ni siku ambayo mtoto angekataa uji wa shule. Mama alimnakilia kurasa mbili za daftari, akamwomba kwamba akikataa uji asimlazimishe wala asimbishie habari za ukuta, bali ampigie simu yeye siku hiyohiyo.