Makwapa yangu na magadi ya maharagwe

Wa kwanza kuniambia weusi wa makwapa yangu ni uchafu alikuwa shangazi. "Sugua, mwanangu, tumia hata jiwe la miguu." Nikasugua. Wakati huo nilikuwa nikinyoa makwapa na kinena kwa wembe uleule wa plastiki, umeshashika kutu bafuni, bila povu, kwa maji baridi ya mtungi. Kwetu mtaani Umoja, Nairobi, ukingoja mfereji utoe maji utanyoa mwakani. Makwapa yakawa meusi kama kitako cha sufuria ya jiko la makaa. Huko chini ni vipele, na nywele zimejikunja ndani ya ngozi.

Harusi ya binamu ilipobaki wiki mbili, na gauni halina mikono, rafiki wa saluni akaniapia: ndimu na unga ule wa kuumulia keki, siku tatu tu. Wa keki sikuwa nao, nikachota magadi. Jamani, magadi hulainisha maharagwe yaliyokaa ghalani mwaka mzima, sembuse mimi? Na nilikuwa nimenyoa asubuhi hiyohiyo! Dakika ya kwanza baridi tamu. Ya tatu nilikuwa nacheza isukuti peke yangu bafuni. Kesho yake matatu imejaa, konda anafoka, "Madam, shika chuma!" Mkono haupandi. Nilifika mjini mikono imepanuka kama kuku aliyenyeshewa, na harusini nikavaa shali kwenye jua la saa nane.

Daktari wa ngozi alinikula elfu tatu na kitu, lakini alinituliza. Alinikagua shingo kwanza, akauliza kama kwetu kuna kisukari, maana weusi mnene wenye mikunjo laini shingoni na makwapani huweza kuwa dalili yake. Wangu haukuwa huo. "Si taka, dada. Ngozi yetu ikichubuka au ikiungua, hutoa rangi zaidi palepale. Ukisugua unaiumiza upya."

Basi jiwe nikatupa. Nikanunua mashine ndogo ya kupunguzia, naacha nywele fupi badala ya kukwangua hadi ngozi. Nikitaka makwapa safi kabisa, maji moto kwanza, povu, wembe mpya, kufuata nywele zinakolala, mara moja tu. Manukato nayaacha hadi kesho yake. Usiku napaka krimu ya kufifisha weusi, ya asidi ya azelaiki, aliyoniandikia daktari, kidogo sana; wiki ya kwanza iliwasha. Na chupi za pamba, zile za kubana nimempa nani sijui.

(Vikopo vya krimu za kujichubua visivyo na lebo vinavyouzwa mjini sikugusa. Vingine vina zebaki.)

Makwapa yalianza kufifia mwezi wa tatu. Kinena kikachukua karibu mwaka, na bado hakijalingana na paja. Daktari alisema pale huwa peusi kidogo kwa kila mtu, nami nimekubali.

Juzi shangazi alinikuta nikianika nguo, mikono juu, akatabasamu: "Si nilikwambia jiwe linafanya kazi?"