Kalsiamu ikipanda alkali inashuka: nilivyotatua kwenye tangi la matumbawe

Jamani kama kalsiamu na alkali (yani kaboneti na baikaboneti zilizo kwenye maji) zinagoma kukaa pamoja, pimeni magnesiamu kwanza. Tangi langu nikiongeza kalsiamu alkali inaporomoka, nikipandisha alkali kalsiamu nayo inashuka, na hita na pampu zimejaa ukoko mweupe. Ule ukoko ndo kalsiamu kaboneti yenyewe, yani vile viwili vinaungana na kuganda kabla matumbawe hayajavitumia, inauma kweli maana wao ndo wanavihitaji kujenga mifupa. Magnesiamu ndo inazuia kuganda huko, maji ya bahari yana kama 1,280 ppm (sehemu kwa milioni), yangu ilisoma chini ya 1,100. Nikaipandisha taratibu kwa magnesiamu kloraidi mpaka 1,300, ndo nikarudi kwenye zile mbili, kalsiamu kloraidi asubuhi, sodiamu baikaboneti usiku, usimwage kwa pamoja hata siku moja. Sasa kalsiamu 420, alkali dKH 8 (dKH ni kipimo cha alkali), zimetulia. Na matumbawe yakila kalsiamu 20 ppm alkali inashuka kama dKH 2.8, kwahiyo ongeza zote kwa uwiano huo huo.