Tofali lenye vidole vya mtoto

Tangu Alhamisi nina hasira. Acheni niandike, labda usingizi utakuja.

Kazi yangu hapa Charleston, South Carolina, ni kukarabati kuta za nyumba za zamani. Wiki hii tuko kwa mama mmoja anayejenga ukuta wa bustani kwa matofali yaliyobomolewa kwenye nyumba ya kale. Tofali moja kalinunua kwa hela ambayo pale Ifakara unabeba ishirini na chenji inabaki. Akatuonyesha yenye alama za vidole, akataka tuyapange alama zitazame nje, wageni wake wazione. Nikamuuliza, vidole vya nani? Akasema vya wafanyakazi wa zamani.

Wafanyakazi! Mfanyakazi hulipwa. Wale walikuwa watumwa, na alama nyingine ni ndogo mno kuwa za mtu mzima.

Mimi nimefyatua matofali, najua. Mjomba alinifundisha nikiwa darasa la sita: unachimba udongo, unamwagia maji, unakanyaga mpaka ulainike, unaujaza kwenye kalibu, unafyatua, unaanika. Watoto ndio huyageuza yakauke pande zote, na tofali bichi ukilishika kabla halijakaza, vidole vinabaki. Halafu kulipanga tanuru, pumba, na kukesha na moto. Likizo nzima, watu wanne, tulitoa elfu kumi, nikadhani mgongo umevunjika. Lakini hela tuligawana. Yangu ilinunua sare na madaftari.

Sasa sikieni. Nje kidogo ya mji, ng'ambo ya mto, kuna shamba la Boone Hall. Mwaka 1850 watumwa 85 walikuwa wakitoa pale matofali milioni 4 kwa mwaka. Gawanyeni wenyewe: zaidi ya 47,000 kwa kila mtu, na humo wamo waliokuwa wakikata kuni na kuchochea moto tu. Mzigo ulishuka kwa maji hadi mjini. Vibanda tisa vya matofali walimoishi baadhi yao vimesimama mpaka leo. Kila nikipita mitaa ya mji huu watalii wanapiga picha kuta, nami natazama mikono.

Ninyi mafundi mnaoniuliza kuhusu kuja: kazi ipo, na fundi wa mkono huku anathaminiwa kuliko mnavyodhani. Ila jifunzeni chokaa. Matofali haya ni laini. Ukiyajengea kwa saruji, unyevu unanaswa ndani na uso wa tofali unabanduka. Mliokulia Zanzibar au Lamu mmeziona kuta za chokaa tangu utotoni, huo ni mtaji. Na saa zako za kazi andika mwenyewe kwenye daftari, kila siku. Bosi wangu wa kwanza alinidhulumu wiki mbili kwa sababu sikuandika.

Mzee ninayefanya naye kazi, Mmarekani mweusi mzaliwa wa hapahapa, hakusema neno mbele ya yule mama. Jioni alichagua tofali lenye alama nne ndogo, akaenda kumlipa bei ileile aliyonunulia, akalifunga kwa taulo lake na kulilaza kiti cha mbele cha gari. Akaniambia hajui ni mtoto wa nani, lakini hili haliendi ukutani kwa mtu.

Yaliyobaki natakiwa kuyapanga mimi Jumatatu. Nimeyahesabu, ni kumi na saba.